Mtoto Atembeaye kwa Ncha za Vidole: Maradhi ya Mishipa ya Fahamu na Kazi ya Mwalimu

Katika mwaka 1988, nilipokuwa mwalimu-mwanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja ya msingi iliyokuwa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Mkoa wa Mara. Asubuhi ya juma la kwanza nilikabidhiwa mchakamchaka. Watoto walijipanga, kiranja akaanzisha wimbo, nasi tukashika njia iendayo ufukoni. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alibaki nyuma. Alikimbia kwa namna iliyoniudhi: alidunda juu ya ncha za vidole, visigino havigusi ardhi, magoti yamekunjika na kusuguana. Nilidhani anafanya mzaha ili wenzake wacheke. Tuliporudi nikamwamuru auzunguke uwanja peke yake mara mbili. Alizunguka mara moja na nusu, kisha mguu mmoja ukanaswa na mwenzake, akaanguka kifudifudi. Hakulia. Alijiinua kwa mikono, akasimama akinitazama, akingoja nimwambie kama ile nusu iliyobaki aimalize.

Mwalimu mkuu msaidizi, mama mtu mzima aliyefundisha shuleni hapo kwa miaka mingi, hakunigombeza mbele ya watoto. Aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, yule hakuzaliwa hivyo. Alilala mzima akaamka hivyo, mwaka ule wa njaa. Na dada yake vivyo hivyo." Nikamwuliza ni ugonjwa gani. Alijibu kwamba pale kijijini wengine husema ni polio, na wengine husema wamerogwa.

Haikuwa polio, wala haikuwa uchawi. Nalileta kosa langu hili mbele ya wanachuo kwa sababu ninaamini kwamba lingeweza kuwa la yeyote kati yao. Tunafunzwa mengi juu ya mtoto asiyeona ubao na mtoto asiyesikia, lakini juu ya mtoto ambaye miguu yake haimtii tunafunzwa machache mno. Makala haya yataeleza jinsi maradhi ya namna hii yanavyoanza na kukua, jinsi yanavyoharibu mwendo, na mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyafanya bila kujigeuza daktari.

Safari ya amri kutoka ubongoni hadi mguuni

Mtu anapotaka kutembea, amri hutoka ubongoni. Hushuka kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ugwemgongo, yaani ule mshipi laini wa fahamu upitao ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Hapo amri hupokelewa na mishipa mingine, nayo huipeleka kwenye misuli ya paja, ya goti na ya wayo. Safari basi ina hatua mbili: ya kwanza ni kutoka ubongoni hadi ugwemgongo, ya pili ni kutoka ugwemgongo hadi kwenye msuli. Mwanachuo aliyeshika vema tofauti ya hatua hizi mbili ameshika nusu ya somo lote, maana mguu hudhurika kwa namna tofauti kabisa kulingana na hatua iliyoharibika.

Wanachuo wengi wa Mwanza na Shinyanga wamewahi kulima kwa plau, kwa hiyo nitatumia mfano huo. Mtu mmoja hutangulia mbele ameshika kamba ya maksai, na mwingine hushika mikono ya plau nyuma. Nguvu ni ya maksai, lakini utaratibu ni wa yule mwenye kamba. Tuseme kamba imekatika. Maksai hawakufa kwa sababu hiyo, wala hawakulala chini. Wataendelea kuvuta, pengine kwa nguvu kupita kiasi, wakishtuka kwa kila kelele ndogo, na mahali pa kugeuka hawatageuka. Ndivyo ulivyo msuli uliokosa amri ya ubongo katika hatua ya kwanza. Haulegei, bali hukaza. Ukigongwa kidogo huruka. Una nguvu, lakini nguvu hiyo haina mtu wa kuituma wala wa kuizuia.

Tuseme sasa kamba ni nzima ila maksai wamekufa. Ivute kamba utakavyo, plau haisogei. Hali hiyo hufanana na polio, ambayo huua seli za hatua ya pili ndani ya ugwemgongo. Mguu wa polio umelegea, ni mwembamba, na aghalabu ni mmoja tu, au mmoja umedhurika kuliko mwenzake.

Mfano huu una kasoro zake, kwa kuwa mguu una misuli ivutayo mbele na mingine ivutayo nyuma, ilhali maksai wote huelekea upande mmoja. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza jambo hilo, nawe yafaa umkubalie. Na hapo ndipo siri ya kutembea kwa vidole ilipo. Misuli ya nyuma ya mguu, ile ya ndama, ni minene na yenye nguvu kuliko ile ya mbele ya muundi. Yote inapokaza bila kizuizi, ile ya nyuma hushinda, kisigino kikavutwa juu na mtoto akabaki amesimama kwa vidole. Misuli ya ndani ya mapaja nayo hushinda ile ya nje, kwa hiyo magoti husogeleana na miguu hupishana kama makali ya mkasi. Mtoto niliyemwadhibu hakuwa na mzaha wowote. Mwili wake ulikuwa ukifuata sheria hiyo.

Konzo

Ugonjwa wa mtoto yule huitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka wa kusini-magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Mwitalia Giovanni Trolli, aliyefanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, aliueleza mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango. Baadaye ulisahauliwa na ulimwengu mpaka mwaka 1981, ulipozuka katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa ukame mkali. Watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Wenyeji waliuita mantakassa. Miongoni mwa waganga waliouchunguza huko alikuwamo Hans Rosling, daktari wa Sweden.

Ukame ulipoikumba sehemu ya kaskazini ya nchi yetu, ugonjwa ulijitokeza mwaka 1985 katika Wilaya ya Tarime, wakati huo wilaya hiyo ikienea mpaka kwenye ufuko wa ziwa ambao tangu mwaka 2007 ni sehemu ya Wilaya ya Rorya. Waganga William Howlett na G. R. Brubaker, pamoja na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Rosling aliyetajwa, waliwachunguza wagonjwa 39 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990. Walionyesha kwamba wagonjwa wale walikuwa na dhara la hatua ile ya kwanza, yaani njia ya kutoka ubongoni, na kwamba walikuwa wameishi karibu kwa muhogo mchungu peke yake, tena muhogo ulioandaliwa kwa haraka kwa sababu ya njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilizuka pia kusini, mkoani Mtwara. Kwa hiyo si habari ya nchi za mbali.

Namna inavyoanza ndiyo inayowafanya watu wadhani ni uchawi. Mtu mwenye afya hushikwa ghafla. Pengine alitembea mwendo mrefu au alishinda shambani jana yake. Asubuhi anajaribu kusimama, miguu inatetemeka, inakuwa mizito, anaanguka. Kwa wengi hali hufikia kilele chake kwa muda wa saa chache au siku moja. Katika siku za kwanza wengine huona ukungu machoni, au ulimi huwa mzito, au mikono hudhoofika. Mambo hayo aghalabu hupungua baada ya majuma kadhaa. Miguu ile iliyokuwa dhaifu huanza kukaza, na mgonjwa aliyelazwa kitandani huweza kusimama tena, lakini sasa amesimama kwa vidole. Hasikii ganzi. Kwa kawaida haja zake huzidhibiti kama zamani. Baada ya hapo hali hutulia. Haiponi, wala haiendelei kuwa mbaya mwaka hata mwaka, isipokuwa kama atakula tena sumu ileile kwa wingi, maana shambulio la pili laweza kuja na kumwacha amedhurika zaidi.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1996 vigezo vitatu vya kuutambua. Kwanza, mgonjwa akitembea au kukimbia, ukakamavu wa miguu yote miwili uonekane wazi. Pili, uwe umemwanza katika muda usiozidi juma moja, mtu akiwa mzima kabla yake, na baadaye usiendelee kukua. Tatu, magoti au vifundo vya miguu vigongwapo viruke kupita kawaida pande zote mbili, na pasiwe na dalili ya ugonjwa wa mifupa ya mgongo. Ukali wake umegawanywa hivi: mwenye konzo nyepesi hutembea bila msaada, mwenye ya kati huhitaji fimbo moja au mbili, na mwenye konzo kali hawezi kutembea kabisa.

Ndugu mwanachuo, tazama tena kigezo cha kwanza. Wapo watoto ambao wakitembea polepole uwanjani huoni kitu, lakini wakikimbia hudhihirika mara moja. Mchakamchaka wa asubuhi, nilioutumia kumwonea mtoto yule, ungeweza kuwa mahali pa kumgundua.

Maradhi yaliyo jirani na konzo

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa kuharibu njia hiyo ya amri ni maltipo skilerosisi. Jean-Martin Charcot aliueleza kwa utaratibu huko Paris mwaka 1868. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu milioni 2.8 duniani walikuwa nao, na hupungua kadiri mtu anavyokaribia Ikweta. Mishipa ya fahamu imevikwa gamba la mafuta kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili wanaopaswa kupigana na vijidudu hugeuka na kulishambulia gamba hilo, mahali hapa na pale, ndani ya ubongo na ugwemgongo. Pale gamba linapobanduka, amri hupita kwa kuchelewa au haipiti.

Kwa kuwa mashambulio hutokea mahali pengi na kwa nyakati mbalimbali, dalili zake huja na kuondoka. Leo jicho moja limetiwa ukungu, baada ya majuma likapona. Mwakani upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Mwaka unaofuata mguu ukawa mzito na wayo ukaanza kuburura. Mgonjwa hugundua kwanza kwamba anajikwaa mahali pasipo jiwe. Kisha umbali anaoweza kutembea bila kupumzika hufupika. Uchovu wake si ule wa kazi, na joto la mwili likipanda dalili huzidi kwa muda, jambo ambalo kwa mtu anayeishi katika jua la huku kwetu si dogo. Hatimaye, kwa wengine, ukakamavu, udhaifu na kuyumba huungana, na fimbo inakuwa ya lazima. Siku hizi zipo dawa zinazopunguza mashambulio, lakini kuutambua huhitaji picha za ubongo zipatikanazo katika hospitali kubwa tu. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi. Kwa hiyo, mwalimu, akitokea mtu shuleni kwako mwenye ugonjwa huo, kuna uwezekano zaidi awe mwalimu mwenzako kuliko mwanafunzi, na usiwe wa kwanza kusema kwamba anajifanya.

Tofauti kati ya mawili hayo mwalimu anaweza kuikumbuka kwa kuuliza habari ya wakati. Konzo hupiga mara moja, miguu yote miwili kwa usawa, kisha hutulia. Maltipo skilerosisi hurudiarudia, leo huku na kesho kule. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huja polepole kwa miezi, pamoja na maumivu ya mgongo na pengine kinundu, nacho kina dawa; mtoto wa namna hiyo asicheleweshwe hata juma moja. Mtindio wa ubongo huonekana tangu utotoni, mama atakuambia mtoto alichelewa kukaa na kutambaa. Polio nimekwisha kuieleza, na inafaa kujua kwamba polio ya asili haijaonekana Tanzania tangu 1996, kwa sababu ya chanjo. Kumwita kila mtoto achechemeaye "mtoto wa polio" ni uvivu.

Maswali haya yanamsaidia mwalimu kuandika barua nzuri ya kumpeleka mtoto zahanati. Kutaja jina la ugonjwa ni kazi ya mganga, na ikihitajika wagonjwa wa kanda hii hupelekwa mpaka Bugando.

Sumu na kinga yake

Muhogo una kitu kiitwacho linamarini. Chenyewe si sumu kali, lakini kikikutana na kimeng'enya kilichomo katika muhogo uleule hutoa sianidi, na hiyo ni sumu. Muhogo mtamu una kidogo, muhogo mchungu una nyingi, na wakati wa ukame sianidi huongezeka katika mihogo yote. Hapo ndipo balaa linapojikamilisha, maana mwaka wa ukame ndio mwaka ambao hakuna kingine cha kula, na ndio mwaka ambao mama hawezi kungoja siku zote za kuvundika na kuanika.

Mwili una njia yake ya kuiondoa sianidi. Huigeuza kuwa kitu kingine kisicho na ukali ule na kuitoa kwa mkojo. Lakini kwa kazi hiyo mwili huhitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini ya chakula: samaki, nyama, mayai, maziwa, na kwa kiasi fulani kunde na maharagwe. Mtu alaye ugali wa muhogo kwa dagaa ana silaha. Mtu alaye ugali huohuo kwa chumvi na majani machache, siku baada ya siku, hana. Huwa nawaambia wanachuo kwamba jambo la kusikitisha zaidi katika habari hii ni kwamba ilitokea kwenye ukingo wa ziwa lenye samaki. Lakini aliyewahi kuishi huko anajua kwamba mwaka wa njaa samaki ndiye huuzwa ili wanunuliwe chakula cha kushibisha.

Kwa sababu hiyo ugonjwa huwapata zaidi watoto waliokwisha kuachishwa ziwa, kuanzia umri wa miaka mitatu hivi, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa sababu hiyo pia huonekana mara mbili au tatu katika nyumba moja. Majirani huona hivyo wakadhani unaambukiza. Hauambukizi. Walichoshirikiana ndugu wale ni chungu kimoja cha ugali.

Usiende darasani kuutukana muhogo. Muhogo umewaokoa watu wa kanda hii katika miaka ambayo mahindi yalikauka yote, na wakulima wanapochagua muhogo mchungu wana sababu zao: nyani na nguruwe hawaushambulii sana, wezi hawaung'oi ovyo, na huzaa vizuri. Kinachotakiwa ni kuuandaa. Kumenya na kuanika juani tu hubakiza sumu nyingi. Kuvundika kama wafanyavyo watengenezaji wa udaga, kisha kuponda na kuanika, huondoa zaidi, mradi siku zisipunguzwe.

Tena kuna njia moja rahisi ambayo nawasihi wanachuo waijue kwa mikono yao. Iliandaliwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia katika miaka ya 2000, na imetumika Mtwara na Kongo. Tia unga wa muhogo katika bakuli na uweke alama ndani ya bakuli mahali unga ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga. Mwanzo unga hushuka, kisha hupanda. Ukifikia tena ile alama, acha. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka au ungo kwa unene usiozidi sentimeta 1. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Maji huikutanisha linamarini iliyobaki na kimeng'enya chake, sianidi hutoka na kupaa hewani. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Sumu hupungua mpaka theluthi moja au sudusi ya ile iliyokuwapo. Kazi hii inaingia katika kipindi cha sayansi bila gharama yoyote, na watoto huipenda kwa sababu ya ile alama ya bakuli. Hubishana kama unga umefika au haujafika. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi katika kilo moja. Watoto wa darasa la sita wanaweza kufanya hesabu zao hapo: unga wenye miligramu 45, ukipungua mpaka theluthi, umefikia kiwango?

Mtoto mwenyewe darasani

Hakuna dawa iliyothibitika kuiponya konzo. Mazoezi ya kunyoosha misuli ya ndama kila siku husaidia misuli isifupike, na kwa baadhi ya watoto mganga wa upasuaji hurefusha ukano wa kisigino ili wayo ukanyage chini. Mengine yote yako mikononi mwa nyumba na shule.

Kuhusu akili yake, huko nyuma tulikuwa tukisema kwa haraka kwamba miguu peke yake ndiyo iliyodhurika. Uchunguzi uliofanywa Kongo na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto wenye konzo walipata alama za chini kuliko wenzao katika majaribio ya kumbukumbu na ya kujifunza, na hata watoto wa nyumba zile ambao miguu yao ilikuwa mizima walikuwa nyuma kidogo. Asije mtu akaitumia habari hii kumshusha mtoto. Maana yake kwa mwalimu ni kwamba asishangae iwapo mtoto huyu anahitaji kurudiwa maelezo mara mbili, na asimpe adhabu kwa kusahau.

Ukitaka kulifundisha somo la mwendo, usimtumie mtoto mwenye ugonjwa kuwa kielelezo. Mimi huwapeleka wanafunzi kwenye mchanga wenye unyevu, na kando ya ziwa mchanga haukosekani. Kila mmoja hupiga hatua kumi. Tunasoma nyayo: shimo la kisigino liko wapi, vidole vimechimba wapi, hatua moja ina sentimeta ngapi. Kisha mimi mwenyewe hutembea kwa vidole magoti yakiwa yamekunjwa, na kuwaacha wasome nyayo zangu. Wataona kisigino hakipo na vidole vimeburura mfereji mdogo mchangani. Waambie nao wajaribu hatua ishirini. Kabla ya kufika mwisho wengi watakuwa wameanguka au wanalalamika ndama zinawauma, na hapo swali la kwa nini mwenzao huchoka kabla ya saa sita mchana huwa limejibiwa bila jina la mtu kutajwa.

Mketishe karibu na mlango, si kwa kumtenga, bali apate kutoka mapema kidogo kabla ya msukosuko wa mapumziko, ambao ndio humwangusha. Asichote maji ziwani wala asibebe tofali. Lakini asibaki bure, maana mtoto asiye na zamu huonekana si wa shule. Mchakamchaka unapokwenda, yeye aweza kuongoza wimbo akiwa amesimama uwanjani, au kuhesabu mistari. Fimbo yake ikatwe kwa kipimo chake, na ncha yake ivikwe kipande cha tairi la baiskeli isiteleze. Utaona pia kwamba viatu vyake, kama anavyo, huisha upande wa vidole. Mwambie mzazi ashone kipande cha ngozi hapo badala ya kununua vingine. Na umbali wa kutoka nyumbani uujue kwa kuutembea wewe mwenyewe. Kilomita tatu kwa mtoto huyu si kilomita tatu zako. Akichelewa, kwanza uliza.

Jambo ambalo walimu wengi hawalifikirii ni choo. Mtoto ambaye misuli imekaza hawezi kuchuchumaa juu ya shimo. Atashinda na haja yake mpaka jioni, au ataacha kunywa maji, au ataacha shule, na wewe utaandika katika daftari la mahudhurio kwamba ni mtoro. Katika shule ile ya mwaka 1988, baada ya kumwomba radhi mtoto yule, mwalimu mkuu msaidizi na mimi tulikwenda kutazama choo cha wavulana. Tulikata benchi moja lililovunjika mguu, tukalitoboa katikati na kuliweka juu ya shimo la mwisho, kisha tukapigilia mti ukutani wa kushikilia. Ilituchukua alasiri moja na misumari sita.